Kufundisha Kiasi cha Nuru katika Picha za Mwendo wa Polepole: Somo la Kwihara

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ipo makumbusho ya tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, akiwangoja wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Mwalimu awapelekaye wanafunzi huko kwa somo la historia anaweza kuwafundisha sayansi papo hapo, kwani uani jua ni kali, na vyumbani, nyuma ya kuta nene za udongo, mna kiza. Hapo ndipo mahali pa kujifunza nuru.

Tuchukue mfano wa kupiga filamu ya wachezaji ngoma uani, ili miguu yao ionekane ikienda polepole. Kamera ya sinema kwa kawaida hupiga picha 24 kwa sekunde, na filamu huonyeshwa kwa mwendo huo huo. Tukipiga picha 96 kwa sekunde, kisha tukazionyesha 24 kwa sekunde, tendo la sekunde moja litachukua sekunde nne.

Lakini faida hii ina gharama. Katika kamera ambayo kifunga nuru chake huwa wazi nusu ya kila mzunguko, picha moja katika mwendo wa 24 hupata nuru kwa sehemu 1/48 ya sekunde. Katika mwendo wa 96 hupata 1/192 tu, yaani robo ya muda wa kwanza. Tundu la lenzi lisipoongezwa, picha zitatoka nyeusi. Tena filamu iliyokwisha kupigwa haipigwi mara ya pili.

Hatua ya kwanza: maji na vikombe. Mwalimu asianze kwa kanuni. Apitishe vikombe vinne vya ukubwa mmoja chini ya bomba, kila kimoja kwa muda wa sekunde nne, mpaka vijae. Kisha avipitishe vikiwa vitupu, kila kimoja kwa sekunde moja. Awaulize wanafunzi: tufanye nini ili vijae tena? Watajibu wenyewe kwamba maji yafunguliwe mara nne zaidi. Kikombe ni picha, maji ni nuru, na bomba ni tundu la lenzi.

Hatua ya pili: eneo la tundu. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Husema kwamba nuru mara nne yataka tundu lenye kipenyo mara nne. Mwalimu asiwakatishe tamaa, bali awape karatasi zenye miraba. Wachore mraba wenye upande wa sentimita 1, mwingine wa sentimita 2, na mwingine wa sentimita 4, kisha wahesabu eneo la kila mmoja. Watapata 1, 4 na 16. Basi kipenyo kikizidishwa mara mbili, nuru huwa mara nne. Kikizidishwa mara nne, nuru huwa mara kumi na sita, na picha huungua kwa weupe.

Hatua ya tatu: namba za lenzi. Namba hizi huenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Kutoka 16 hadi 11 nuru huongezeka mara mbili. Kutoka 11 hadi 8, mara mbili tena. Ikiwa kipima nuru uani kimeonyesha 16 kwa mwendo wa 24, mwendo wa 96 utahitaji 8.

Hatua ya nne: swali la kupima. Kivulini kipimo ni 4 kwa mwendo wa 24, na lenzi yetu haifunguki kupita 2.8. Je, twaweza kupiga kwa mwendo wa 96? Hatuwezi, kwa kuwa mwendo huo wahitaji 2. Wanafunzi watafute njia: kupunguza mwendo hadi 48, kutumia filamu yenye wepesi maradufu wa kupokea nuru, au kuwatoa wachezaji juani. Majibu yote matatu ni sahihi. Mwalimu adai sababu ya kila moja.

Siku hizi filamu ni adimu, na simu ya mkononi hupiga picha za polepole ikijipimia nuru yenyewe. Hata hivyo, chumbani picha zake hufifia au hujaa chembechembe, kwa sababu ile ile. Mwanafunzi aliyekariri namba tu hataweza kuieleza sababu hiyo. Aliyejaza vikombe ataieleza.