SOMO LA AFYA: JICHO JEKUNDU LITOALO MACHOZI

Mnamo Januari 2024 wakazi wengi wa Dar es Salaam walipatwa na macho mekundu, na Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni mlipuko uliosababishwa na virusi. Baada ya mlipuko kama huo, kila jicho jekundu hudhaniwa kuwa ni lile lile. Katika karakana za Keko, ambako mbao hukatwa na kupigwa msasa tangu asubuhi hadi jioni, dhana hiyo yaweza kumpotezea fundi jicho lake.

Yampasa katibu wa chama kuuliza kwanza: ni jicho moja au yote mawili? Ugonjwa wa kuambukiza aghalabu huanza jicho moja, ukahamia la pili baada ya siku moja au mbili. Macho hukereketa kama yenye mchanga, tongotongo hugandisha kope asubuhi, na mara nyingi yupo mtu nyumbani au kazini aliyetangulia kuugua. Macho yakiwasha sana, pamoja na chafya, kila fundi anapokuwa karibu na vumbi la mninga au mvule, huenda ni mzio. Mchomeleaji wa vyuma asiyevaa kinga huweza kumaliza kazi akiwa mzima, kisha usiku macho yote mawili yakamwuma kana kwamba yametiwa pilipili. Huo ni mwanga uliomwunguza.

Lakini jicho moja tu, lililouma ghafula wakati wa kupiga randa au kukata kwa msumeno wa mashine, ni jambo lingine kabisa. Kibanzi cha mti huweza kuingiza fangasi katika kioo cha jicho, na kidonda chake hukua polepole kwa siku kadhaa, huku mwenyewe akisubiri kipite kama wengine walivyopona. Doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, uoni uliofifia, maumivu makali, au mboni iliyopoteza umbo la mviringo: dalili moja tu yatosha kumpeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mzee mwenye jicho moja jekundu linalouma, aumwaye kichwa na kutapika, kwani huenda shinikizo la ndani ya jicho limepanda.

Kibaya kuliko vyote ni chupa ya dawa ya matone ipitishwayo mkono kwa mkono. Baadhi zina deksamethasoni, ambayo huondoa wekundu upesi. Mgonjwa hujiona amepona, kumbe fangasi wanaendelea kula kioo cha jicho. Mkojo na maziwa ya mama, vilivyozoeleka mitaani, navyo huongeza vijidudu.

Vanishi au tindikali ikiruka jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, ndipo safari ianze. Kibanzi kilichochoma kisichokolewe kwa ncha ya leso wala sindano. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa. Katibu aandike saa tatizo lilipoanza, kazi iliyokuwa ikifanywa na dawa iliyokwisha kutiwa, na karatasi hiyo mgonjwa aende nayo kwa mganga.