Haki ya Mkulima juu ya Watu wa Mji: Somo Litokalo Machakos



Katika darsa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja mfanyabiashara alitutolea suali ambalo twaona si lake peke yake. Alisema kwamba yeye huenda bara, hadi Machakos, pande za Masii na Mwala, akanunua maembe yangali maua mtini. Mwenye shamba hukubali bei ndogo kwa kuwa ana dhiki: mwana amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, naye hana cha kuuza ila matunda ya miti yake. Mvua ikija vizuri, mnunuzi hupata faida kubwa. Nzi wa matunda wakishambulia, au maua yakipukutika, mnunuzi hurudi kudai fedha zake. Kisha akauliza: "Sheikh, biashara hii ni halali?"

Hatukumjibu kwa neno moja. Suali la biashara ni suali la watu wawili, na katika majlisi yetu alikuwapo mmoja tu. Basi kwanza tulimtaja yule asiyekuwapo, nasi twapenda kufanya vivyo hivyo hapa.

Wengi wetu tukaao miji ya Pwani twala kazi ya mikono ya Wakamba bila ya kuwafikiri. Mbaazi za nazi tulazo asubuhi kwa mahamri, na pojo tulazo kwa wali, nyingi katika hizo hutoka nchi kavu ya Machakos, Makueni na Kitui. Wala ujirani huu si wa leo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na baadhi yao wakafanya makao pande za Rabai.

Nchi yao si nchi ya maji mengi. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi na kuanzia Oktoba, na mara kwa mara moja katika hizo hukosekana. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechanika kwa mmomonyoko wa udongo. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewabana wenyeji katika hifadhi ilhali ardhi kubwa za jirani wamepewa walowezi, iliwatia lawama ng'ombe wao. Mwaka 1938 ilianza kuwauza ng'ombe hao kwa nguvu. Hapo ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza watu wake, wanaume kwa wanawake, wakenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko wiki kadhaa. Kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza kwa nguvu, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kuhamishwa. Na mahali alipopelekwa palikuwa Lamu, mji wetu. Basi mtu wa Pwani asiseme kwamba mambo ya wakulima wa Machakos hayamhusu.

Baadaye ardhi ile iliponywa, na yapasa tujue iliponywa vipi. Watu walipolazimishwa kuchimba matuta, kazi haikudumu. Ilipoachiwa mwethya, yaani desturi yao ya majirani kusaidiana kwa zamu na kujichagulia wenyewe wa kuwaongoza, kazi ilienea mlima kwa mlima, na wanawake walikuwa wengi katika vikundi hivyo. Tuta lao moja hata jina lake ni la lugha yetu, "fanya juu": mfereji huchimbwa kukata mteremko, na udongo ukatupwa upande wa juu, hata baada ya miaka mteremko ukawa ngazi na maji ya mvua yakatulia shambani. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ile ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na pamoja na hayo mmomonyoko ulipungua na mazao ya kila mtu yakazidi.

Hapana shaka watu hawa hawangojei sadaka yetu. Mlima wameushinda wenyewe. Linalowaumiza zaidi ni soko, na soko ni sisi. Mkulima hudhulumiwa katika nyakati tatu, na katika kila moja sharia imeweka mlinzi.

Wakati wa kwanza ni kabla ya mavuno, anapokuwa na haja ya fedha na mazao hayajawa. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, akawakataza wote wawili, muuzaji na mnunuzi, akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, haitakuwapo haki ya mtu kuichukua mali ya nduguye. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mauzo hayo hayasihi isipokuwa kwa sharti ya kukata papo hapo. Na tazama jinsi ndugu yetu afanyavyo: matunda yakiwa mengi yeye ni mnunuzi, na yakiharibika yeye ni mdai. Ataka faida ya mwenye kununua pamoja na salama ya mwenye kukopesha. Haya mawili hayakusanyiki katika mkono mmoja ila mkono wa pili hubaki mtupu.

Je, mkulima aachwe bila ya karo? La. Sharia iliyoufunga mlango ule imefungua mwingine, nao ni bei ya salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza fedha kwa matunda ya mwaka na miaka miwili. Hakuwazuia, bali aliwaamuru wawe na kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Basi mfanyabiashara na aseme: "Chukua fedha hizi zote leo, nawe utanipa kilo 2,000 za maembe ya aina fulani, yaliyokomaa, mwezi wa Januari, mahali fulani." Fedha zitolewe zote katika kikao kile, wala arubuni haitoshi. Wala maembe yasifungwe na miti fulani: ya kwake yakiharibika, mkulima aweza kuyatafuta kwa jirani. Na yakikosekana kabisa wakati wake, mnunuzi ana hiari ya kungoja au kurudishiwa rasilmali yake bila ya nyongeza hata senti moja. Hapa ndipo mwethya ungefaa tena. Wakulima ishirini wakidhaminiana, upungufu wa mmoja hujazwa na wengine, na mnunuzi naye hulala usingizi. Kupunguza bei kidogo kwa sababu ya kutanguliza fedha hakuna ubaya. Kuipunguza kwa kadiri ya machozi ya mwenye haja, hiyo si sifa ya Muislamu.

Wakati wa pili ni siku ya mavuno. Mtume alikataza kuwaendea njiani wenye kuleta bidhaa kabla hawajafika sokoni, na aliyenunuliwa hivyo akampa hiari akifika sokoni. Leo msafara ni lori lisimamalo mlangoni mwa shamba, na dalali aijuaye bei ya Kongowea akaificha. Mkulima ana simu, na yampasa kuuliza kabla ya kukubali, lakini ulegevu wake wa kuuliza haumhalalishii mwingine kusema uongo. Kadhalika lile gunia la lumbesa, lililoongezewa kichwa na kushonwa juu ya mdomo wake, kisha likalipiwa kama gunia moja. Aisomaye Suratul Mutaffifin katika sala, kisha akanunua kwa lumbesa, na ajitazame. Dawa yake ni mizani, na iliyo bora ni mizani ya wakulima wenyewe katika chama chao cha ushirika.

Wakati wa tatu ni baada ya mavuno, mahindi yakiwa bado na maji, na mkulima ana haraka ya kuuza. Twajua kwamba Mtume alitia mkono katika fungu la nafaka sokoni, vidole vyake vikapata umaji chini yake, akamkemea muuzaji na kujitenga na wenye kughushi. Wengi walidhani jambo hili ni la uzani tu. Mwaka 2004 nchi ya Makueni, Kitui na Machakos ilipatwa na msiba wa sumu ya ukungu ulioota katika mahindi yaliyowekwa na unyevu: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Sumu hiyo hailiwi ikajulikana kwa ladha, wala kupika hakuiondoi. Mfanyabiashara anayetoa bei moja kwa mahindi makavu na mabichi amemfundisha mkulima asianike. Na achanganyaye gunia bichi na kavu ameuza asichokijua. Basi tuwape bei bora waliokausha vizuri, ili kuanika kuwe na malipo yake.

Tulipofika hapo ndugu yetu aliuliza: "Na fedha nilizokwisha kutoa juu ya maua ya mwaka huu?" Tulimjibu kwamba mapatano yale ayavunje. Fedha zake ni deni kwa mkulima, wala asizigeuze kuwa rasilmali ya salam, kwani salam haifanywi kwa deni. Maembe yakikomaa, na ayanunue kwa bei ya siku hiyo kwa mizani, akikata kiasi alichotanguliza na kumlipa mwenziwe kilichozidi. Yakiharibika, na ampe muhula mpaka apate wasaa.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh, faida yangu yote ya mwaka imo humo." Hatukumficha kwamba ni kweli. Tulimwambia tu kwamba faida hiyo haikuwa imetoka mtini. Ilikuwa imetoka katika karo ya mtoto wa mwenziwe. Wiki iliyofuata alitujia kutwambia kwamba yuko safarini kwenda Machakos, akatutaka tumwandikie sharti za salam katika karatasi, kwa Kiswahili chepesi, apate kuwasomea wakulima. Tumemwandikia. Na kila mfanyabiashara aitakaye karatasi hiyo na aje darsani baada ya Isha, atapewa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki mvua za ndugu zetu wa bara, na mizani zetu sisi wa mjini. Amin.