Dhana ya Kipupwe katika Kaya ya Wamatengo Mwanzoni mwa Karne ya 20

Kamusi hufasili kipupwe kuwa ni majira ya baridi, yaani kuanzia Juni hadi Agosti. Fasili hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Humfanya msomaji akifananishe kipupwe na majira ya baridi ya Ulaya ya kaskazini, ambapo theluji hufunika shamba na mkulima hungoja.

Katika milima ya Umatengo, Mbinga, inayofikia takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hali ilikuwa kinyume. Kuanzia Machi, wanaume walifyeka nyasi na kuzilaza zikatane kwa miraba. Wanawake walichimba udongo katikati ya kila mraba, wakazifukia nyasi kuwa matuta, wakapanda maharage. Mashimo yaliyobaki, yaitwayo ngolo, yalizuia mmomonyoko. Maharage hayo yalikomaa wakati wa kipupwe. Hivyo baridi ilipozidi, ndipo kazi ya kuyang'oa, kuyaanika na kuyapura ilipopamba moto.

Wakati wa kula, wanaume wa ukoo walikutana kwa mzee katika sengu, na chakula kililetwa kutoka kila nyumba. Hapo vijana walifunzwa na migogoro ilisuluhishwa. Aidha, nyumba iliyopungukiwa haikuweza kujificha.

Kwa hiyo, fasili inayotaja baridi pekee huwafuta wavunaji. Kwa Wamatengo, kipupwe kilikuwa msimu wa mavuno. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni baridi ya wapi, na watu walikuwa wakifanya nini.