Mafunzo Niliyopata Nikisahihisha Kiswahili cha Wenzangu

Riziki yangu inatokana na kalamu nyekundu: nasoma miswada kabla haijaenda kuchapwa. Mimi ni Mwislamu, ninaishi Dar es Salaam, na mtaani kwetu kuna Walutheri, Wakatoliki na mzee mmoja asiyeswali wala kusali. Mengi ya yafuatayo ni maoni tu, lakini nayashikilia.

1. Kanuni ina tarehe ya kuzaliwa

Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kusimamia tahajia, vitabu na kamusi. Walikaa Mombasa, mji wa Kimvita, lahaja ambayo mshairi Muyaka bin Haji alikuwa ameshaitumia kutunga mashairi karibu karne moja kabla yao. Kwa hiyo Mmvita akisema "ndia" pale ninapoandika "njia", hajakosea chochote. Usanifu naupenda, na unanilisha. Ila wakali wengi wa lugha hudhani wanatetea mababu, kumbe wanatetea maazimio ya kikao.

2. Mkataba hauna msamaha

"Atalipa" na "atalipwa" zimetenganishwa na herufi moja, na kwa herufi hiyo mtu anaweza kupoteza nyumba. Hapo nasahihisha bila kuomba radhi, mwandishi awe waziri au shemeji yangu.

3. Adabu ya kusahihisha iko msikitini

Imamu akiteleza katika kisomo, maamuma aliyehifadhi humsomea aya kama ilivyo. Akisahau jambo katika swala, wanaume husema "Subhanallah", wanawake hupiga kofi. Imamu hujirekebisha, swala inaendelea. Anayesahihisha ana hakika na anachokisema, yumo katika swala ileile, hutamka kilichokosekana tu kisha hunyamaza. Baada ya salamu hakuna anayetembea msikiti mzima akijisifu kwamba yeye ndiye aliyemzindua imamu.

Walimu wa tajwidi nao hugawa makosa: kuna lahani ya wazi, ambayo kila msomaji huisikia na huweza kugeuza maana, na lahani iliyojificha, ambayo hugunduliwa na mabingwa. Hawazipi uzito mmoja. Wahariri tungefaidika na mgawanyo huo. Watu wazima wamenuniana kwa sababu ya "masaa", wengine wakisema "saa" haina wingi mwingine. Mimi nalifuta kwenye mswada. Kwenye mazungumzo nalipita kama sikulisikia.

4. Imani ya mtu usiipitishie kalamu

Jirani yangu Mlutheri alialika watu nyumbani kushukuru baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kiswahili ni lugha yake ya pili, na katika ushuhuda wake alirudia "Mungu yangu, Mungu yangu" hadi vijana wawili wakaanza kubana vicheko. Nilikereka, na si kwa sababu ya ngeli. Yule mama hakuwa akizungumza na sisi.

Mimi na yeye hatukubaliani kuhusu mambo mazito kabisa: Utatu, na Yesu ni nani. Sisemi kwamba dini zote ni kitu kimoja. Wanaosema hivyo mara nyingi hawajakisoma vizuri kitabu cha yeyote. Lakini mabishano ya barazani sijayaona yakimsogeza mtu. Nilipofiwa, fundi wetu wa mabomba alinitumia ujumbe akimwombea marehemu alazwe "mahari pema". Mahari, peponi! Nilicheka kidogo siku ile ya huzuni, nikamjibu "Amina".

5. Furaha haiji kwa kuwa sahihi

Shehe wangu husema mcha Mungu wa kweli lazima awe na furaha. Sikubaliani naye, na anajua. Nimewajua wacha Mungu wenye huzuni ya kudumu, wala imani yao haikuwa na ufa. Yule mzee wa mtaani kwetu, yeye hucheka kutwa nzima akicheza bao. Dini imenipa namna ya kusimama mbele ya msiba, na hilo kwangu ni zito kuliko furaha. Furaha naipata kwingine: kahawa ya jioni kijiweni, mabishano ya mpira, sentensi ya mtu mwingine iliyonyooka hata sina cha kugusa.

6. Anayeomba, mpe yote

Kijana mmoja aliniletea barua yake ya kuomba kazi. "Shikamoo mzee. Naomba usinionee huruma." Sikumwonea huruma. Karatasi ilirudi nyekundu tupu, naye akavuta kiti akae. Alitaka kujua kwa nini ni "kazi yoyote" lakini "muda wowote", na kabla sijamaliza kujibu akadakia: je, "mahali"? Nikamwambia popote, ila hapo ajiandae, maana kuna pa-, ku- na mu-. Akaniomba karatasi nyingine.