Unamvizia mzee akienda kuswali?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nauza picha za Tingatinga kwenye banda la mjomba wangu, Dar es Salaam. Najifunza kuchora kwa kukopi kazi za mzee wa banda la jirani. Akienda kuswali napiga picha ubao wake kwa simu, usiku nachora chumbani. Rafiki zangu wanasema huo ni wizi, nitafute mtindo wangu. Niache?*
*Mkopi*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Ukikopi ili ujifunze, na usiuze kama kazi yako wala yake, hujamwibia mtu. Mchoraji Van Gogh, akiwa hospitalini Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, alikopi kazi za mchoraji mwenzake Millet kutoka kwenye nakala zisizo na rangi, rangi akazitafuta mwenyewe, na akamweleza mdogo wake Theo kwa barua. Pale makumbusho ya Louvre, Paris, wanaokopi huchora mbele ya watalii, kwa kibali, mradi nakala isilingane ukubwa na picha yenyewe.

Sasa tuje kwako. “Akienda kuswali”! Mzee yuko jirani, asubuhi unamwamkia, adhuhuri unangoja ageuze mgongo. Kwa nini? Kwa sababu unaona haya kuonekana hujui.

Na haya hiyo inakugharimu. Simu inakupa chui aliyekwisha kuchorwa. Haikuambii kwamba rangi ya nyuma ilitangulia ikaachwa ikauke, mwili ukafuata, madoa yakaja mwisho. Ukiweka madoa mwili ukiwa mbichi, rangi zinavujiana, nawe unabaki kulaumu brashi.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na kufariki 1972. Muda wenyewe ndio huo. Mtindo wake haukuzikwa naye, kwa sababu jamaa zake walikaa ubavuni mwake wakachora kama yeye, akiwaona.

Hili nitalisema mpaka mnichoke: kuwa mwanafunzi wa mtu si unyonge. Vijana mnataka kuitwa wasanii kabla hamjamwoshea mtu brashi. Mko radhi kukosea gizani miaka nenda rudi kuliko kukosolewa mchana mmoja. Mficha uchi hazai, na anayeficha nakala zake hapati wa kumwambia shingo ya twiga imepinda. Mtindo unaoambiwa uutafute utauona siku utakapojua kwa nini mzee hufanya vile, na wewe ukataka kufanya vingine.

Kesho chukua nakala unayoionea aibu kuliko zote. Mngoje mzee amalize swala. Mwambie: “Mzee, nimekopi kazi yako bila ruhusa. Niwie radhi, unionyeshe nilipokosea.” Nyuma ya ubao andika jina lako, na kwamba ni nakala ya kazi yake. Akifoka, nyamaza, kisha keshokutwa urudi.

Akikukubali, mwambie mjomba atafute muuzaji mwingine wa asubuhi.