Nyuzi za Polianilini Bila Mabonge: Vidokezo 6 vya Maabara

Unataka polianilini yenye nyuzi nyembamba za nanomita? Unaiweza! Polima hii ya kupitisha umeme haidai mashine ya bei mbaya, inadai ujue namna ya kuipika. Vaa glovu, maana anilini, malighafi ya polima hii, ni sumu na hupenya ngozi, kisha twende.

1. Anza na anilini safi
Ikiwa safi haina rangi, lakini hewa huigeuza kahawia. Chupa imekaa sana? Ikeneke upya, uihifadhi gizani kwenye friji. Ya maabara, jamani, si ya chakula!

2. Mimina yote kwa mkupuo
Hapa ndipo penye siri kubwa. Wengi tulizoea kudondosha kioksidishaji tone kwa tone huku tukikoroga. Shida ni kwamba kila tone jipya hukuta nyuzi zimeshaota, linajenga juu yake, na mwisho unavuna mabonge. Mwaka 2004, Jiaxing Huang na Richard Kaner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha njia rahisi mno: anilini kwenye bika moja, kioksidishaji, yaani amoniamu persalfeti, kwenye jingine, zote ndani ya asidi. Changanya mara moja, tikisa kwa nguvu, basi! Kioksidishaji kinasambaa na kuishia kwenye kuzalisha nyuzi, hakibaki cha kuzinenepesha. Halafu usiguse kikoroga cha sumaku. Mkono utakuwasha, najua, lakini nyuzi changa zikikorogwa hugandana.

3. Asidi ndiyo fundi wa umbo
Asidi hidrokloriki ya moli 1 kwa lita hukupa nyuzi za takriban nanomita 30. Asidi perkloriki huzinenepesha hadi karibu 120. Je, unapenda mirija yenye uwazi katikati? Hamia kwenye asidi dhaifu kama asetiki, ile ya kwenye siki. Mmenyuko wenyewe huzalisha asidi, hivyo pH hushuka kadiri kazi inavyoendelea. Ipime mwanzo na mwisho, uandike zote mbili. Daftari lako litakushukuru siku umbo litakapobadilika ghafla.

4. Tano kwa nne
Moli 5 za persalfeti kwa moli 4 za anilini. Ukizidisha sana, minyororo ya polima huharibika na umeme haupiti vizuri.

5. Barafu kwa minyororo mirefu
Mmenyuko hutoa joto. Bika likikaa kwenye maji ya barafu, mwendo hupungua na minyororo hurefuka. Una haraka? Kwa nyuzi, joto la chumba linatosha.

6. Linda kijani chako
Osha polima yako ya kijani kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha asetoni. Ukiosha kwa amonia, polima hugeuka buluu na kuacha kupitisha umeme. Imekutokea? Usiitupe! Irudishe kwenye asidi, na kijani kitarudi ukiwa unatazama.