Lori Linapogonga Chini: Mafunzo Niliyopata Gerejini

Lori likigonga chini, ujue kuna vitu viwili vilivyopaswa kushikana na sasa vinaachiana. Kazi ya fundi ni kupaona hapo vinapoachiana kabla hajafungua hata nati moja. Nimezeekea kazi hii Morogoro, kando ya barabara inayopitisha malori usiku na mchana kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mpaka leo naona vijana hodari wakibadilisha shokapu, bushi na pini hadi mwenye gari anaishiwa pesa, na gari linagonga vilevile. Wewe unayetaka kuwa fundi wa kuaminiwa, haya nakuandikia wewe.

1. Msikilize dereva kwanza

Dereva mmoja wa tipa la mchanga alifika na shokapu mpya kwenye kabini. Alikwishaambiwa kwamba za zamani zimekufa, anataka afungiwe aondoke. Nikamuuliza, "Suka, linagonga wakati gani?"

"Nikishika breki, ko! Nikiachia, ko! Nikipita kwenye rasta, kimya."

Nilishangaa jinsi maneno machache yanavyoweza kubeba habari nyingi. Shokapu iliyokufa bushi hugonga mfululizo, hasa kwenye rasta na vishimo vya kufuatana. Kinachogonga mara moja kwenye breki, halafu mara moja tena ukiachia, ni kitu kinachoipa ekseli nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma: bushi ya tokirodi, au pini ya springi. Tukaweka kabari kwenye magurudumu, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Dereva akaingiza gia, akaachia klachi kidogo, akaikanyaga tena. Mimi nilisimama pembeni na tochi, sikuingia chini. Ekseli ilijivuta, tokirodi ikacheza unene wa kidole. Mpira wa bushi ulikuwa umebanduka kabisa kwenye chuma. Shokapu zikarudishwa dukani.

Siku hizi maswali yangu hayabadiliki. Lina mzigo au ni tupu? Linagonga likipanda tuta au likishuka? Kwenye kona ya kulia au ya kushoto? Likiwa limesimama, ukizungusha usukani, linasema? Dereva anaishi na sauti hiyo kutwa nzima, na akiulizwa kwa heshima hueleza mengi.

2. Gari lisioshwe kabla ya ukaguzi

Madereva wetu wana adabu. Wengi huona aibu kumletea fundi gari lenye tope, basi utingo huagizwa alipeleke likaoshwe chesisi, springi, kila kitu. Fundi akiingia chini anakuta chuma kisafi kisichosema lolote.

Nililielewa hili kwa lori ambalo halikuwa limepata maji ya kuoshea. Springi zote zilifunikwa na tope kavu, isipokuwa sehemu moja: chini ya nati ya yuubolti, tope lilikuwa limepasuka ufa mwembamba kuizunguka nati yote, na kutoka kwenye ufa huo vumbi jekundu la kutu lilikuwa limechuruzika juu ya tope. Kando yake, mstari wa chuma uling'aa mahali springi iliposuguana na kiti chake. Nati ilionekana imekaza. Hata kwa spana ya kawaida haikusogea, lakini vumbi lile jekundu hutoka pale chuma kinaposagana na chuma. Tulipofungua tukakuta senta bolti imeanza kukatika.

Hapo ndipo penye hatari. Yuubolti ndizo zinazoibana springi na ekseli. Zikilegea, senta bolti hubebeshwa kazi isiyo yake na hukatika, kisha ekseli inahama mahali pake na lori linatembea upande kama kaa. Lifikirie lori hilo likiteremka mlima Kitonga na mzigo.

3. Chesisi husafirisha sauti

Dereva anaweza kukuapia kwamba kelele iko mguu wa mbele kulia, naye anasema kweli kwa jinsi anavyosikia. Sauti hupita kwenye chuma cha chesisi, ikatokea mbali na ilikozaliwa. Nimekuta kelele za "miguuni" zikitoka kwenye komeo la kabini, kwenye mkanda wa tangi la dizeli, na kwenye tairi la akiba.

Vifunge hivyo kwanza kwa kamba na vipande vya mpira, halafu pita juu ya tuta ambalo gari hugonga likilipita. Kelele ikitoweka, hujanunua spea yoyote. Ikibaki, mwombe mwenzako alitikise gari kwa kuzungusha usukani kushoto na kulia, wewe weka kiganja kwenye kiungo kimoja baada ya kingine. Kiganja kinahisi mshtuko hapohapo unapotokea. Mimi hukiamini kuliko sikio.

4. Kuna uchakavu unaoonekana chini, na mwingine juu ya jeki

Gari likiinuliwa, springi inaning'inia na pini yake inavutwa upande mmoja. Nafasi iliyokuwa ikigonga inajificha. Kwa hiyo springi, tokirodi na tairodi zikague magurudumu yakiwa chini, yamebeba uzito.

Kingipini na bering za gurudumu zinataka kinyume chake. Inua ekseli ya mbele, iweke juu ya stendi imara, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, tatizo ni bering. Ukibaki, ni kingipini. Jaribio hili halihitaji hata spana, lakini bado nakutana na kingipini nzima zilizotupwa kwa sababu ya bering iliyolegea.

5. Grisi ionekane ikitoka

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na hadi tani 56 kwa gari zima. Karibu uzito wote wa ekseli hiyo ya mbele unapita kwenye pini chache za springi. Pini iliyolaliwa na uzito huo imebanana na bushi upande mmoja, na grisi hukimbilia upande wenye nafasi. Inua chesisi kidogo uiondolee pini uzito, kisha piga grisi mpaka ile ya zamani, nyeusi, itoke pembeni na mpya ifuate. Isipotoka, njia imeziba. Fungua pini uisafishe.

6. Kukaza mara moja hakutoshi

Yuubolti zilizofunguliwa zibadilishwe pamoja na nati zake, maana zimekwishavutika. Kaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kidogo kidogo kwa kukingamana, kwa kipimo cha kampuni iliyotengeneza gari. Kisha toka na dereva yuleyule, mzigo uleule, mpite kwenye lile tuta alilolilalamikia. Springi mpya hujilaza zikianza kazi, na nati hulegea bila mtu kuzigusa. Kabla dereva hajaondoka, mwambie wazi: akirudi kutoka Tunduma aje uzikaze tena, na kazi hiyo usimtoze.